Kitambulisho, Askari na Mtoto wa Mpakani

Maelezo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa majeshi na polisi

Katika mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Busia hadi Malaba na katika barabara iendayo Tororo, swali moja husikika asubuhi, mchana na usiku: "Kitambulisho kiko wapi?" Huulizwa dereva wa lori la mafuta, mama mwenye kikapu cha dagaa, kijana wa boda boda na mzee anayekwenda matangani ng'ambo. Mtu mzima amekwisha kulizoea. Lakini mara nyingi kando yake amesimama mtoto, ameshika upindo wa leso ya mama au kidole cha baba, naye anatazama yote kwa makini. Wakishapita kizuizi, mtoto huyo huuliza: "Baba, yule askari alitaka nini? Tumekosa nini?"

Maelezo haya yanahusu jibu la swali hilo. Huenda wako watakaosema kwamba mambo ya watoto hayafai kupelekwa mbele ya majeshi na polisi, ambao wana kazi nzito zaidi. La hasha. Mzazi atamjibu mtoto kwa maneno, lakini askari amekwisha kumjibu kwa vitendo: kwa sauti aliyoitumia, kwa jinsi alivyoipokea ile kadi, na kwa jinsi alivyoirudisha. Jibu hilo mtoto hukua nalo. Siku atakapopatwa na shida ya kweli, ndilo litakaloamua kama atamkimbilia askari au atamkimbia.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi mpaka wenyewe ulivyo. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliutenga mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo tangu mwaka 1920 inaitwa Kenya. Mstari uliochorwa na watawala haukuuliza ukoo wala lugha. Wasamia wako Kenya na wako Uganda. Wateso vile vile. Ndugu wanaweza kuwa na mashamba yanayotazamana, mmoja akiwa raia wa Kenya na mwenzake raia wa Uganda. Watoto huvuka kwenda shule, sokoni, kanisani, msikitini na kwa bibi zao. Hata neno boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, husemwa kuwa lilizaliwa katika mpaka huu, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwachukua abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili.

Serikali zetu zimejitahidi kuufanya mstari huo usiwe ukuta. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, na msafiri hushughulikiwa upande anaoingia badala ya kusimamishwa mara mbili. Kwa hiyo kadi ile ndogo imekuwa ufunguo wa mlango.

Lakini kadi hiyo ina historia, na askari asiyeijua historia hiyo hataelewa kwa nini mzee wa miaka themanini hutetemeka anapoitafuta mfukoni. Nchini Kenya, sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 achukue kipande. Karatasi hiyo ilikuwa na alama za vidole vyake na habari za kazi yake, nayo ilitiwa katika kijaluba cha bati alichokivaa shingoni kwa kamba. Mzungu hakuvaa. Harry Thuku na wenzake walipinga jambo hilo pamoja na mengine, na alipokamatwa mwezi Machi 1922 wananchi waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi. Kipande hicho kilifutwa baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini jina lake halikufa. Mpaka sasa Wakenya wengi huiita kadi ya taifa "kipande".

Upande wa Uganda, karatasi iliyoogopwa ilikuwa stakabadhi ya kodi. Kodi ya kichwa iliyopangwa kwa madaraja ilitozwa wanaume kwa miaka mingi, na asiyekuwa na stakabadhi njiani alikamatwa. Mwezi Januari 1960, katika wilaya ya zamani ya Bukedi, ambayo Tororo na Busia ya Uganda zilikuwa sehemu zake, hasira juu ya makadirio ya kodi hiyo ililipuka ikawa ghasia na watu walipoteza maisha. Kodi yenyewe iliondolewa mwaka 2005. Maana yake ni kwamba wanaume wengi wanaopita Malaba na Busia wakiwa na wajukuu zao waliwahi, katika ujana wao, kujificha vichakani kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Tena kuna kumbukumbu nzito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjini Kampala na kandokando yake, wananchi walizingirwa mitaani na kuamriwa wapande malori ili wakachunguzwe. Msako huo uliitwa "panda gari", na wako waliopanda wasirudi kwao. Mwezi Desemba 1987 vikosi vya Kenya na vya Uganda vilifyatuliana risasi katika mpaka huu wa Busia. Lugha ya Kiswahili nayo ilibebeshwa mzigo usio wake. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini raia wengi wa Uganda waliisikia zaidi katika kinywa cha mwenye bunduki, ikawa kwao lugha ya amri na vitisho. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Katiba inaweza kuipa lugha cheo. Heshima ya lugha hiyo machoni pa mtoto wa Tororo italetwa na askari atakayeitumia kumsalimu kabla ya kumwuliza.

Je, kwa sababu ya historia hiyo askari waache kuuliza? Hapana. Mpaka usioulizwa ni hatari kwa wanaoishi kando yake. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua zaidi ya watu 70 mjini Kampala walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Magari na watu wanaovuka Busia na Malaba hufika Kampala au Nairobi siku hiyo hiyo. Askari anayetaka kumjua msafiri hafanyi ukorofi. Analinda maisha ya watu ambao msafiri huyo atapanda nao basi moja.

Iko sababu nyingine inayomhusu mtoto mwenyewe. Wafanya biashara ya binadamu hutumia mipaka. Humchukua mtoto wa maskini kwa ahadi ya shule au kazi nzuri mjini, kisha wakamtia katika utumwa wa nyumbani au katika uchafu mkubwa kuliko huo. Uganda ilitunga sheria ya kuzuia biashara hiyo mwaka 2009, na Kenya ikatunga yake mwaka 2010. Lakini sheria haisimami kizuizini; anayesimama ni askari. Na tufikirie basi linalotoka Tororo usiku. Ndani yake yumo msichana wa miaka 13 ameketi karibu na mwanamume anayesema kwamba huyo ni mtoto wa dada yake. Askari anamulika tochi na kumwuliza msichana: "Huyu ni nani wako?"

Kila kitu sasa kinategemea jambo moja. Kama msichana huyo alikwisha kumwona mama yake akitukanwa na kusukumwa kizuizini, na kama alisikia nyumbani kwamba askari huwameza watoto watundu, atainamisha kichwa na kusema, "Ni mjomba." Basi litaendelea na safari yake. Lakini kama alikwisha kuona kwamba askari husalimu, huuliza na kusikiliza, huenda akasema neno moja litakalomwokoa. Hapa ndipo ilipo siri ya kazi hii: adabu ya askari ni chombo cha usalama, kama ilivyo redio ya mawasiliano. Mhalifu hufurahi sana raia wanapoogopa polisi, kwa sababu woga huo humfunga mdomo shahidi.

Hebu sasa tuitazame sheria, ili mzazi na askari wote wawe na la kumweleza mtoto.

Jambo la kwanza ni maana ya kitambulisho. Kwa lugha ya mtoto, kitambulisho ni kadi inayosema: huyu ndiye fulani, na nchi yake inamjua. Basi. Kadi haimfanyi mtu kuwa mtu, wala haimpi haki zake. Haki hizo alizaliwa nazo. Aliyeisahau kadi nyumbani hakuusahau utu wake nyumbani. Tena kuisahau si ushahidi wa wizi wala wa ujasusi. Ziko njia nyingine za kumjua mtu: chifu wake, mwenyekiti wa baraza la mtaa, mwalimu, mwajiri au jirani. Na hakuna sheria, wala Kenya wala Uganda, inayosema kwamba asiyekuwa na kadi atoe fedha mkononi mwa askari. Anayezidai au kuzipokea ndiye aliyevunja sheria.

Jambo la pili ni umri, na hapa maofisa wa mpakani wanapaswa kuwa na uangalifu mkubwa. Nchini Kenya kitambulisho cha taifa hutolewa kwa raia aliyefika miaka 18. Nchini Uganda hutolewa kwa raia aliyefika miaka 16. Kwa hiyo kijana Mkenya wa miaka 17, akidaiwa kadi ya taifa hapo Malaba upande wa Uganda, anadaiwa kitu ambacho nchi yake mwenyewe haijampa wala haitampa mpaka mwaka mwingine upite. Kwa upande mwingine, kijana wa Uganda wa miaka 17 anaweza kuwa na kadi yake mfukoni, na hata hivyo yeye bado ni mtoto mbele ya sheria, kwa maana nchi zote mbili humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Kadi haimwongezei umri. Askari asiyejua tofauti hiyo anaweza kumtendea ukali mtoto ambaye kosa lake ni kuzaliwa ng'ambo ya pili ya mto.

Mtoto hutambuliwa kwa cheti chake cha kuzaliwa, kwa mzazi au mlezi aliye naye, na kwa shule anayosoma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 1990, unasema kwamba mtoto aandikishwe mara azaliwapo na awe na jina. Jukumu la kuandikisha ni la wazazi na serikali. Mtoto asiyekuwa na cheti hana la kujibu. Ni mtoto ambaye wakubwa wake hawakutimiza wajibu wao. Anayesafiri peke yake bila hati yoyote ni mtoto anayehitaji msaada, na apelekwe kwa maofisa wa watoto au wa ustawi wa jamii. Korokoroni si mahali pake.

Jambo la tatu ni tofauti kati ya kuuliza, kupekua na kukamata. Mambo haya matatu yana mipaka yake, lakini mara nyingi huchanganywa kama unga na mchanga. Kuuliza ni kumwuliza mtu jina lake, atokako na aendako. Aliyeulizwa hajakamatwa, na baada ya kujibu na kuonyesha hati zake huendelea na safari yake. Kupekua ni jambo zito zaidi, na lazima pawe na sababu. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia heshima yake. Kukamata ni jambo zito kuliko yote, kwani ni kumwondolea mtu uhuru wake. Askari anayekamata bila hati ya hakimu sharti awe na sababu ya haki ya kuamini kwamba mtu huyo ametenda kosa au yuko karibu kulitenda. Uso usiopendeza, nguo zilizochakaa na lafudhi ya ng'ambo si sababu.

Akishakamatwa, mtu huyo ana haki zilizoandikwa katika Katiba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake; kwamba ana haki ya kunyamaza; na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo inaamuru aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na aambiwe haki yake ya kuwa na wakili, na jamaa zake wajulishwe akitaka. Maneno hayo "lugha anayoielewa" yana uzito mkubwa mahali kama Tororo, ambapo katika soko moja husikika Kiteso, Kijopadhola, Kisamia, Kiswahili na Kiingereza. Askari aliyesema kwa lugha ambayo mtuhumiwa haifahamu hajamwambia kitu.

Katika muda wa kumfikisha mtu mahakamani, nchi hizi mbili zinatofautiana. Kenya ni si zaidi ya saa 24 tangu kukamatwa, na muda huo ukimalizika nje ya saa za mahakama, basi ni siku ya mahakama inayofuata. Uganda ni si zaidi ya saa 48. Tofauti hiyo si nafasi ya kuchezea watu. Katiba zote mbili zinataka mtu afikishwe mapema iwezekanavyo. Saa 24 au 48 ni ukomo tu, na kumweka mtu mpaka dakika ya mwisho bila sababu ni kuivunja roho ya Katiba.

Kwa mtoto, sheria ni kali zaidi juu ya askari, na ndivyo inavyopasa. Katiba ya Kenya inasema kwamba mtoto asiwekwe kizuizini ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, tena kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 iliupandisha umri wa kuweza kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Uganda nayo haimshtaki mtoto aliye chini ya miaka 12. Sheria ya Uganda inataka mzazi au mlezi ajulishwe mara moja mtoto anapokamatwa, pamoja na katibu wa mambo ya watoto katika baraza la mtaa. Inampa askari uwezo wa kumwonya mtoto na kumwachia pale inapofaa. Na inakataza kabisa mtoto kufungiwa pamoja na mtu mzima. Muda wa mtoto kukaa mikononi mwa polisi hauzidi saa 24. Kwa hiyo saa 48 za mtu mzima si saa za mtoto.

Jambo la nne huenda likawashangaza wengine: askari naye ana kitambulisho, na raia ana haki ya kumjua. Sheria ya polisi ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka askari aliyevaa sare awe amebandika jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Maana yake ni kwamba anayedai kumjua mwenzake sharti naye ajulikane. Kwa aliyevaa nguo za kiraia jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu wezi wamewahi kujifanya askari. Ofisa aonyeshe kadi yake ya kazi kwanza, ndipo aombe ya raia. Mzazi anayeuliza kwa adabu, "Afande, naomba kujua jina lako," hajaidharau serikali. Anamwonyesha mwanawe jinsi raia na serikali wanavyoheshimiana.

Kwa wanajeshi kuna neno la pekee. Kazi ya kumhoji raia juu ya kitambulisho ni ya polisi na uhamiaji kwanza. Katiba ya Kenya inasema kwamba majeshi yakitumwa kurudisha amani katika sehemu ya nchi yenye ghasia, sharti Bunge la Taifa liwe limekubali. Katiba ya Uganda inalitaka Jeshi la Ulinzi la Wananchi liwe lenye nidhamu na lililo chini ya mamlaka ya kiraia, na katika kifungu cha 221 imeweka wajibu juu ya jeshi, polisi, magereza na idara zote za ujasusi kuziheshimu haki za binadamu katika kazi zao. Uganda ilitunga sheria dhidi ya mateso mwaka 2012, na Kenya mwaka 2017. Chini ya sheria hiyo ya Uganda, askari aliyemtesa mtu hawezi kujitetea kwa kusema, "Niliamriwa na mkubwa wangu." Bunduki inapokuwa begani, sauti ndogo hutosha.

Basi tuseme mama na mwanawe wamefika kizuizini katika barabara ya Tororo. Askari anasema: "Habari za asubuhi, mama. Sisi ni polisi, tunakagua wasafiri. Naomba kuona kitambulisho chako." Anakisoma, anakirudisha kwa mkono, wala hakitupi juu ya boneti ya gari. Kisha anainama kidogo na kumwambia mtoto: "Hujambo, kijana? Unaitwa nani? Unasoma shule gani?" Mtoto anajibu. "Safari njema." Mambo hayo yote hayakuchukua dakika mbili. Usalama haukupungua hata chembe, maana askari amekwisha kuyajua yote aliyotaka kuyajua: jina, uhusiano wa wawili hao, na kama mtoto ana hofu ya mtu aliye naye. Kwa karipio asingepata zaidi ya hapo. Huenda angepata pungufu.

Mzazi naye ana wajibu wake. Asimtishe mtoto kwa jina la askari ili anyamaze kulia. Amfundishe majina yake kamili, majina ya wazazi, kijiji chake, shule yake, na namba moja ya simu. Amweleze kwamba askari akiuliza, asikimbie wala asidanganye. Na kama hajui jibu, kusema "sijui" si kosa. Amfundishe kwamba ana haki ya kuomba mzazi wake aitwe. Amwambie pia kwamba namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, na ni namba ile ile Kenya na Uganda. Mzazi mwenyewe achukue hati zake anapovuka, asiazime kadi ya mtu mwingine wala asitumie ya bandia, na asimpitishe mtoto katika njia za panya kwa sababu tu ya kukwepa foleni. Mtoto anayefundishwa kwamba njia ya haki ni ya wajinga hatatoka hapo akiwa raia mwema.

Na mtoto akiuliza, "Baba, tumekosa nini?" mzazi aweze kumjibu hivi: "Hatukukosa kitu, mwanangu. Askari ana kazi ya kujua nani anapita, ili sisi tulale salama. Yeye ana haki ya kutuuliza kwa adabu, nasi tuna haki ya kuulizwa kwa adabu. Akikosea, wako wakubwa wake na iko mahakama. Na wewe ukipotea au mtu akikuchukua kwa nguvu, mtafute yule mwenye sare."

Mzazi hawezi kulisema neno la mwisho hilo kwa moyo mweupe kama mwenye sare mwenyewe amelifanya kuwa uongo. Vijana wetu wa polisi na wa majeshi walioko Busia, Malaba na Tororo, wanaosimama katika vumbi na mvua usiku na mchana, wamebeba dhamana kubwa kuliko wanavyoambiwa katika gwaride. Kila asubuhi hupita mbele yao watoto wenye madaftari, na kila mmoja huondoka na somo ambalo halimo katika madaftari hayo. Yawapasa walinzi hao wafundishe somo la haki, ili usiku ule basi litakaposimamishwa na tochi kumulika uso wa msichana asiyemjua mtu aliye karibu naye, msichana huyo ainue kichwa na kusema kweli.